Kaktasi ya Krismasi imefurika kopo: niigawe au niiache?

Marahaba mdogo wangu. Pole na baridi, huko kwenu mwezi wa kumi na moja hauna utani.

Wengine mnaosoma niwape swali kwa kifupi maana alituma refu na picha juu. Mdada yuko Minneapolis, Marekani, kazi yake kuhudumia wazee majumbani, sasa bibi mmoja wa kizungu aliyekuwa anamhudumia amehamia nyumba ya wazee na chumba alichopewa hakina nafasi, akamwachia kaktasi yake ya Krismasi. Ni ya zamani hasa, bibi mwenyewe alipewa na mama mkwe wake. Imefurika kopo, matawi yananing'inia pande zote mpaka yanagusa meza, chini shina limekuwa mti mtupu, katikati kuna upara, kopo lenyewe la udongo lina ufa, na upande mmoja matawi yamelegea yamekuwa mekundu-mekundu wakati anamwagilia kila Jumamosi bila kukosa. Na juu ya yote imeshaweka vitumba. Anataka aigawe mara tatu, moja abaki nayo, moja ampe rafiki yake, moja ampelekee mama yake Lushoto akienda likizo mwezi wa saba, na kazi yenyewe anataka aifanye wikiendi hii.

Weka kisu chini kwanza.

Kaktasi hii ikishaweka vitumba haitaki kuguswa, wakati mwingine ukiihamisha dirisha tu inamwaga vitumba vyote sakafuni, sembuse kuing'oa na kuichambua mizizi. Iache ichanue, ufaidi maua yako, bibi umpelekee picha afurahi, kugawa tutagawa mwezi wa tatu hivi. Nasema mwezi wa tatu kwa sababu ikimaliza kuchanua inapumzika wiki kadhaa, halafu siku zikianza kurefuka inatoa vipingili vipya (vile vipande bapa vilivyoungana kutengeneza tawi) kwenye ncha, vidogo, vinang'aa, mara nyingi vina wekundu kidogo, na hapo ndo mizizi nayo inakuwa na nguvu ya kuziba majeraha. Ukiviona hivyo ujue ruhusa imetoka, iwe mwisho wa Februari au imesogea mpaka Aprili, kalenda isikupe presha.

Sasa kuna jambo hukuliuliza lakini kwangu ndo kubwa kuliko kugawa, ule upande uliolegea. Matawi ya kaktasi hii kulegea kuna sababu mbili ambazo kwa macho zinafanana kabisa, ama ina kiu ama mizizi imeoza, na dawa ya moja ni sumu kwa nyingine. Ndo maana watu wanaziua kwa huruma: anaona imelegea anaongeza maji, inalegea zaidi, anaongeza tena, mwisho inabaki kopo. Kabla hujamwagilia Jumamosi hii chukua kijiti, vile vya kulia chakula cha Kichina vinafaa, kidumbukize taratibu karibu na ule upande mpaka chini ukichomoe. Kikitoka kimelowa, kina harufu ya tope bovu, na shina pale linapoingia kwenye udongo ukilibonyeza linabonyea, hiyo ni kuoza. Kikitoka kikavu, hiyo ni kiu.

Ila mimi nikiangalia picha yako ya tatu naona ufa uko upande huohuo uliolegea, na kuna michirizi myeupe ya chumvi imeshuka kutoka kwenye ufa mpaka kwenye sahani. Hiyo inanisimulia habari nyingine. Udongo wa maua wa madukani huku mwingi ni piti, yaani mabaki ya mimea ya kinamasi, na piti ya miaka mingi ikishakauka sana inagoma kupokea maji, unamwaga juu yanateleza pembeni yanatokea kwenye ufa yanajaa kwenye sahani, we unaona sahani imejaa unasema leo imekunywa vizuri, kumbe katikati mkavu kau. Kwa hiyo nahisi unayo kaktasi yenye kiu inayomwagiliwa kila wiki. Jaribu hivi: beseni, maji ya uvuguvugu yafike nusu ya kopo, ikalishe humo nusu saa, itoe ichuruzike yote, maji ya sahani mwaga. Kama ni kiu tu basi ndani ya siku chache vipingili vitaanza kujaa na kunyooka. Irudishe palepale ilipokuwa na upande wa dirishani ubaki wa dirishani, ukifanya kwa upole vitumba havitajua kama ilitoka.

Ikitokea ni kuoza kweli, hiyo ndo hali pekee ya kutosubiri. Vunja vipande vizima kutoka kwenye ncha zenye afya, vioteshe kama nitakavyoeleza mbele, na maua ya mwaka huu usiyahesabu. Wekundu wenyewe usikutishe, jua kali la dirishani linauleta, baridi ya kioo inauleta, kiu nayo inauleta, mara nyingine ni upungufu wa magnesiamu.

Kwa nini nimekazania mizizi wakati umeuliza kugawa? Kwa sababu watu wakisikia kaktasi wanafikiria jangwa. Hii wazazi wake asili yao ni milima ya pwani ya Brazili, upande wa Rio de Janeiro, misitu ya ukungu, na hawaoti chini, wanaota juu ya miti na kwenye nyufa za miamba. We mtu wa Lushoto utanielewa haraka: ukipita kwenye msitu wa Usambara ambao haujakatwa, inua macho kwenye matawi ya miti mikubwa, kuna nyuzi nene za kijani zinaning'inia chungu nzima, zina vitunda vidogo vyeupe ukikipasua kinanata vidoleni. Ile ni kaktasi. Inaitwa Rhipsalis baccifera, ndo kaktasi pekee inayoota porini Afrika kiasili, na ni ndugu wa karibu wa hiyo iliyoko mezani kwako. (Mnyaa na wenzake wenye utomvu mweupe, ambao kila mtu anawaita kaktasi, si kaktasi, wale ni ukoo mwingine kabisa, na utomvu wao ukikuingia machoni utajuta. Hii yako haina sumu, mtoto au paka akitafuna kipingili usikimbilie hospitali.)

Sasa ile iliyoko Usambara imekaa kwenye panda la mti, ina kiganja cha majani yaliyooza, moshi wa ukungu asubuhi, mvua inapita haikai. Mizizi yake michache, mifupi, inataka hewa. Na yako ni hivyohivyo. Kwa hiyo neno "imefurika" ni la juu tu, mwezi wa tatu ukiitoa koponi utashangaa, juu mzigo mzima, chini kifundo cha mizizi cha kujaza viganja viwili. Ukubwa wa juu peke yake si sababu ya kuigawa. Hizi zinapenda kubanwa kidogo, na iliyobanwa mara nyingi inachanua vizuri kuliko iliyopewa nafasi ya kutamba. Yako inahitaji kubadilishwa udongo kwa sababu ule wa sasa umekufa na kopo limepasuka. Kugawa ni kitu cha ziada.

Na tukija kwenye kugawa, jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba hiyo kwenye kopo karibu kwa hakika si mmea mmoja. Mimi kazi yangu ni grinhausi, na kwenye grinhausi hatuoteshi kaktasi moja kwa kopo, tunachomeka vipande vitatu, vinne, kwenye kikopo kimoja ili ikifika msimu wa kuuza kionekane kimejaa, na bibi zetu wa zamani majumbani walifanya vilevile. Kwenye picha ya pili, pale ulipofunua matawi, nahesabu shingo nne zinazotoka kwenye udongo, labda tano. Hizo ndo zitakazokwambia igawanyike mara ngapi. Usianze na hesabu ya watu unaotaka kuwapa, anza na shingo. Ushauri wangu: gawa mara mbili tu, kisha rafiki na mama uwaoteshee vipande, kwa sababu kipande kimoja cha mmea mzee chenye shina la mti na mizizi nusu ni zawadi yenye maradhi, wakati vipande vichanga vinne kwenye kikopo vinashika kasi na baada ya mwaka mmoja au miwili vinachanua.

Siku yenyewe ikifika. Siku moja kabla ikalishe tena kwenye beseni ili mizizi iwe laini na vipingili viwe na maji. Tandaza magazeti. Chukua kitambaa laini, kipande cha kanga iliyochakaa kinatosha, kusanya matawi uyafunge yasilegee wala yasibane, maana ukiyaacha huru kila utakapogusa kipingili kitabaki mkononi. Usivute mmea kwa matawi. Kopo lako limeshapasuka, usilionee huruma, lilaze kwa ubavu uligonge kwenye ufa na nyundo ndogo lifunguke lenyewe. Hapo utapata dongo zima lenye umbo la kopo, na hapo ndo uvumilivu unapohitajika: anza chini, kwa vidole, pukuta udongo wa zamani kidogo kidogo, kijiti kile kile cha Kichina kikusaidie kupenyeza katikati ya mizizi iliyosukana, pakigoma kabisa osha na maji ya uvuguvugu. Mizizi mizima ni migumu kidogo, rangi ya krimu au kahawia hafifu. Iliyooza ukiivuta ganda linateleza linabaki mkononi na ndani unaona kiuzi, hiyo kata yote bila kuionea haya.

Udongo ukishapungua shika shingo mbili za pembeni, moja kila mkono, karibu kabisa na udongo, zitikise kwa kupishanisha huku unazitenganisha. Mara nyingi zinaachia zenyewe na utasikia mizizi midogo inakatika, hiyo ni kawaida. Ikifika mahali shina ni moja kweli limegawanyika matawi chini ya udongo, basi amua: kama kila tawi lina mizizi yake ya kutosha kata kwa kisu kilichopanguswa na spiriti, kama upande mmoja hauna mizizi usilazimishe, uache na mwenzake. Palipokatwa na kisu paache pakauke kivulini siku moja mbili kabla ya kupanda. Zile zilizoachana zenyewe panda siku hiyohiyo.

Kopo: ukubwa wa mizizi iliyobaki ukiongeza sentimita mbili tatu, basi. Najua mkono utakwenda kwenye lile kubwa zuri la bei nafuu, urudishe. Udongo mwingi ambao hauna mizizi unakaa na maji wiki nzima na kuoza kunaanzia hapo. Mimi napendelea la udongo wa kufinyanga, lina uzito wa kuhimili matawi yasiliangushe na linapumua, ila la plastiki lenye tundu halina ubaya ukiwa mtu wa kumwagilia kidogo. Mawe au kokoto chini ya kopo achana nayo, hayachuji kitu, yanapandisha tu unyevu ukaribie mizizi.

Udongo: ule wa kawaida wa maua ya ndani, sehemu mbili, changanya na sehemu moja ya perlaiti (vile vijiwe vyeupe vyepesi) na konzi mbili tatu za vipande vidogo vya gome la msonobari, wanauza kwa ajili ya okidi. Ule mfuko ulioandikwa udongo wa kaktasi unaweza kuutumia ila utie gome au mboji maana mwingine una mchanga mwingi, umetengenezwa kwa kaktasi za jangwani. Ukipanda, shingo ibaki usawa uleule iliokuwa, usifukie lile shina la mti ukidhani unaliimarisha, litaoza. Ikiyumba iegemeze na vijiti wiki chache. Usimwagilie siku hiyo, mizizi iliyokatika ipe siku tatu nne ipone, kisha mwagilia vizuri mara moja, na baada ya hapo subiri juu pakauke kabla ya kurudia. Mwanga mwingi lakini si jua la moja kwa moja. Mbolea hapana mpaka uone kipingili kipya.

Ule upara wa katikati hautajiziba, shina likishakuwa mti haliwezi kuvaa majani tena (na hivyo vipingili hata si majani, ni shina lililobapa). Njia ni mbili na unafanya zote. Ya kwanza punguza ncha ndefu: shika kipingili kwenye kiungo, nyonga, kitaachia chenyewe, hamna haja ya mkasi. Hadi theluthi ya mmea mzima unaweza kuondoa, na kila ulipovunja mara nyingi patachipua viwili. Ya pili chukua ulivyovunja uvioteshe, vikishika uvichomeke katikati penye upara.

Kuotesha ni rahisi kuliko yote haya. Kipande cha vipingili vitatu mpaka vinne, kiache mezani kivulini siku mbili tatu jeraha likauke, kisha zamisha nusu ya kipingili cha chini kwenye mchanganyiko uleule ukiwa na unyevu wa mbali, vipande vinne kwa kikopo, elekeza upande ule kilivyokuwa kimekaa kwenye mti, usikigeuze juu chini. Wiki nne hivi, mara nyingine nane, ukikivuta kidogo kinagoma. Hapo kimeshika. Vipande vyako vya mwezi wa tatu kufikia mwezi wa sita vitakuwa vimeanza kuchipua.

Mengine kwa haraka. Kingo za vipingili vyako ni za mviringo, hazina meno makali, kwa hiyo hiyo ni ile yenyewe ya Krismasi ya zamani, chotara iliyotengenezwa Uingereza katikati ya karne ya 19 na mtunza bustani William Buckley. Zinazojaa supamaketi siku hizi nyingi ni zile za meno ya kuchongoka ambazo zinachanua mapema, kuelekea Thanksgiving, ile sikukuu ya Marekani ya mwishoni mwa Novemba. Matunzo ni yaleyale. Kiangazi ikianza kuchipua ipe mbolea ya maji nusu ya kipimo cha kwenye chupa mara moja kwa mwezi mpaka mwezi wa nane, na chumvi ya Epsom (ndo ya magnesiamu) kijiko kimoja cha chai kwenye lita nne za maji mara moja kwa mwezi kwa ule wekundu, ila mbolea na chumvi usiviweke wiki ileile. Unaweza kuitoa nje chini ya mti usiku ukishazidi nyuzi 50 za Farenhaiti, mwezi wa tisa irudi ndani. Tena iweke chumba ambacho usiku hakiwashwi taa, maana inahitaji giza la saa 13 au 14 mfululizo kwa wiki sita hivi ndo iweke vitumba, taa ya sebuleni ya saa tano usiku inaivuruga. Mbali na hita, na mbali na bakuli la ndizi, matunda yanayoiva yanatoa gesi inayoangusha vitumba. Mwaka wa kwanza baada ya kuigawa ikichanua kidogo usijilaumu, inajenga mizizi.

La mama Lushoto. Mwezi wa saba umepatia, vipande vitakuwa tayari, na hata visivyo na mizizi vikifungwa kwenye gazeti kavu vinavumilia safari. Lakini usivifiche kwenye nguo. Mmea kuingia Tanzania unahitaji kibali cha TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kiombwe kabla hujasafiri, na cheti cha afya ya mmea kutoka wizara ya kilimo ya Marekani. Udongo usibebe hata chembe. Upande wa mkataba wa CITES unaolinda kaktasi, chotara hii ya kuoteshwa imesamehewa, kwa hiyo hapo hamna kesi. Kwa mama giza refu halitapatikana maana karibu na ikweta usiku ni wa saa 12 mwaka mzima, ila hii kaktasi ina njia ya pili: usiku ukishuka mpaka nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi inaweka vitumba hata bila giza refu, na baridi ya Lushoto ya mwezi wa sita na wa saba we unaijua kuliko mimi. Aiweke barazani kwenye kivuli, asiifiche ndani. Angekuwa Tanga mjini ningekwambia mpelekee kitu kingine.

Fanya lile la beseni Jumamosi uniambie matawi yamesemaje. Na mwezi wa tatu ukishapasua kopo, kabla hujakata chochote, piga picha mizizi unitumie, kila shingo kwa karibu.